Maquis: Neno la Vichaka na Waliojificha Humo

Katika lugha ya Kifaransa, maquis, neno linalotamkwa "maki" kwa kuwa herufi yake ya mwisho haisikiki, ni uoto wa vichaka vifupi, vigumu na vilivyosongamana, unaofunika miteremko ya milima katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, na hasa katika kisiwa cha Corsica kilicho kati ya Ufaransa na Italia. Hiyo ndiyo maana yake ya asili, ingawa wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na neno hilo mbali kabisa na elimu ya mimea: wengine katika jina la bendi ya muziki wa dansi iliyovuma Dar es Salaam, wengine katika habari za waasi wa Kongo, na waliobahatika kufika Abidjan wamelikuta likiwa limeandikwa juu ya mlango wa mahali pa kula kuku wa kuchoma. Jinsi jina la vichaka lilivyofika kote huko ni jambo linaloweza kufuatiliwa hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ni vichaka vyenyewe.

Hali ya hewa ya Mediterania ina tabia ambayo mkazi wa Afrika Mashariki huweza kuiona ya ajabu, kwa sababu mvua hunyesha majira ya baridi, ilhali miezi ya joto kali hupita bila mvua ya maana. Mmea unaotaka kuishi katika mpangilio huo hulazimika kuyatunza maji yake wakati ule ule ambao jua linayadai kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana mimea ya maquis huwa na majani madogo, magumu, yenye nta juu yake, ambayo hayapukutiki mwaka mzima. Miongoni mwake umo mhadasi na jamii za mretemu, miti ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua kwa majina tu, pamoja na rosemari, ambayo siku hizi huuzwa hata katika masoko ya Arusha na Nairobi. Majani mengi ya uoto huo yana mafuta yenye harufu kali, na inasimuliwa kwamba Napoleon Bonaparte, aliyezaliwa Ajaccio, mji wa Corsica, mwaka 1769, alikuwa akisema angeweza kukitambua kisiwa chake kwa harufu pekee hata akiwa amefumba macho. Nyuki nao huipenda mimea hiyo, na asali ya Corsica ina hadhi ya kulindwa kisheria tangu mwaka 1998, kiasi kwamba jina hilo haliwezi kutumiwa kwa asali ya mahali pengine.

Mmea mmoja wa maquis unastahili kutajwa peke yake, nao ni ule ambao wataalamu huuita Erica arborea, yaani erika yenye umbo la mti, kwa sababu hauishi Mediterania tu. Unaota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, katika ukanda wa baridi ulio juu ya misitu ya mvua, na wapagazi wanaowasindikiza wageni kuelekea vilele vya milima hiyo hupita katikati ya vichaka vya jamii yake kila siku. Huko Ulaya, fundo gumu linalojitokeza mahali shina lake linapokutana na mizizi huchongwa viko vya kuvutia tumbaku, kwa kuwa haliungui kwa urahisi, na mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulijipatia umaarufu kwa kazi hiyo. Fundo hilo ndilo linaloufanya mmea usife moto unapopita, kwa maana sehemu yote ya juu ikiteketea, machipukizi mapya hutoka chini ya ardhi.

Kimo cha maquis kwa kawaida huwa kati ya mita 1 na mita 4, na matawi yake hushikana kiasi cha kumzuia mtu asipite bila shoka au panga. Wanajiografia huitofautisha na uoto mwingine ulio mfupi zaidi na wenye nafasi wazi za mawe, ambao Wafaransa huuita garrigue na ambao hupatikana zaidi penye miamba ya chokaa. Tofauti hiyo ina uzito kwa habari hii, kwa kuwa garrigue humfikia mtu magotini au kiunoni, lakini maquis humfunika kabisa.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba maquis ni pori la asili ambalo halikuguswa na mtu. Sehemu kubwa yake ilikuwa misitu ya mialoni na misonobari, ikakatwa kwa ajili ya mbao na makaa, ikachomwa ili kupata mashamba na malisho, kisha mbuzi wakala kila chipukizi lililothubutu kuinuka, hadi ukabaki uoto unaostahimili shoka, moto na jino la mnyama kwa pamoja. Mwandishi Mfaransa Prosper Mérimée, katika hadithi yake fupi iitwayo Mateo Falcone, iliyochapishwa mwaka 1829, alilieleza jambo hilo mwanzoni kabisa kabla ya kumtaja mhusika yeyote: mkulima wa Corsica huchoma kipande cha msitu ili majivu yawe mbolea, huvuna, huondoka, na mizizi iliyobaki ardhini huchipua vichaka vinavyofikia futi 7 au 8 katika miaka michache. Mkulima wa Ruvuma au wa Kilifi aliyewahi kufyeka shamba, akalilima misimu michache na kuliacha lipumzike, hahitaji maelezo zaidi. Linalofurahisha ni kwamba Mérimée aliandika hayo bila kukanyaga Corsica, kwani alifika huko mara ya kwanza mwaka 1839, miaka 10 baada ya hadithi yake kuwafanya Wafaransa wa bara waamini kwamba wanakijua kisiwa hicho.

Neno lenyewe halikuanzia katika Kifaransa. Wakorsika, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiitaliano, waliita vichaka hivyo macchia, na Wafaransa walilichukua neno hilo katika karne ya 18, karne ile ile ambayo Jamhuri ya Genoa ilikiachia kisiwa hicho Ufaransa mwaka 1768 na majeshi ya mfalme wa Ufaransa yakayashinda majeshi ya Wakorsika mwaka uliofuata. Macchia nalo limetokana na neno la Kilatini macula, lenye maana ya doa au waa. Maelezo yanayokubaliwa kwa kawaida ni kwamba mtu anayeutazama mlima mkavu kutoka mbali huyaona makundi ya vichaka kama madoa meusi yaliyotapakaa juu ya ardhi yenye rangi hafifu, na hivyo doa likawa jina la kichaka. Katika Kiitaliano cha leo maana zote mbili zinaishi pamoja, kwani macchia ni doa la mchuzi kwenye shati na pia ni kichaka cha mlimani.

Mzizi huo wa Kilatini umewafikia Waswahili kwa njia nyingine mbili ambazo hakuna anayezihusisha na vichaka. Kahawa iitwayo makiato, inayouzwa katika mikahawa ya mijini, ni kahawa "iliyotiwa doa" la maziwa kidogo. Na akina Imakulata, ambao ni wengi katika familia za Kikatoliki kuanzia Bukoba hadi Songea, wana jina lenye maana ya asiye na doa, yaani Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Imakulata na Maquis ni majina ya ukoo mmoja, moja likilikanusha doa na jingine likilikumbatia.

Uoto unaomfunika mtu na kumzuia anayemfuata lazima utapata wateja. Corsica ilitawaliwa na Genoa kwa karne kadhaa kwa utawala ambao wenyeji hawakuuamini, mahakama zake zikionekana kuwa za kununuliwa, na matokeo yake yakawa desturi ya kisasi, ambapo ukoo uliouliwa mtu ulijiona una wajibu wa kuua mtu wa ukoo wa pili. Aliyetimiza wajibu huo alikimbilia vichakani, ambako wachungaji walimpa maziwa na jibini, na ndugu zake walimpelekea baruti. Wakazi wengi wa vijijini hawakumhesabu mtu huyo kuwa mhalifu, ingawa askari walimwinda, na kutokana na hali hiyo ukazaliwa usemi wa Kifaransa wa "kushika maquis", kwa maana ya kujitoa katika mkono wa serikali na kuishi mafichoni. Waitaliano nao husema mtu yuko "kwenye macchia" anapojificha, na zamani kitabu kilichochapishwa kwa siri bila idhini ya wakubwa kilisemwa kuwa kimechapishwa huko huko kichakani.

Kiswahili hakikuhitaji kuazima usemi huo, kwa sababu kina wake. Mtu anayeanza vita dhidi ya serikali "huingia msituni", na maneno hayo yalisemwa kuhusu wapiganaji wa Mau Mau walioshika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, kama yalivyosemwa kuhusu Yoweri Museveni na wenzake walioanza vita vyao Uganda mwaka 1981 na kuingia Kampala Januari 1986. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, yaani ile ardhi kavu yenye vichaka vya miiba inayoanza pale mashamba ya minazi yanapokoma, iliwapokea watoro waliokimbia utumwa mashambani, wakaanzisha makazi yao kama Fuladoyo, na wengine wakapata hifadhi Witu. Nyika ile ilifanya kazi ile ile iliyofanywa na maquis, tofauti ikiwa kwamba mtoro wa Malindi alikuwa anakimbia minyororo, si kesi ya mauaji.

Hadi mwaka 1942 neno maquis lilibaki kuwa neno la Corsica, linalojulikana na Wafaransa wengine kwa njia ya hadithi. Lililobadilisha hali hiyo lilikuwa sheria. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani Juni 1940, na serikali iliyokaa katika mji wa Vichy ilikuwa ikishirikiana na washindi; tarehe 16 Februari 1943 serikali hiyo ilitangaza utumishi wa lazima, uliowataka vijana waliozaliwa kati ya mwaka 1920 na 1922 waende kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani. Wafaransa takriban 600,000 walipelekwa huko kwa njia mbalimbali katika miaka ya vita. Wengine walikataa, wakatoroka makwao, wakajificha kwa wakulima au wakapanda milimani, na kufikia majira ya kuchipua ya mwaka huo watu wote walikuwa wakisema kwamba vijana hao "wameshika maquis". Aliyeishi humo akaitwa maquisard, na kundi lake lenyewe likaitwa maquis, hivyo jina la uoto likawa jina la mahali pa kujificha, kisha jina la watu.

Wengi wa waliokataa utumishi huo hawakuwahi kushika bunduki. Walichotaka ni kutopelekwa Ujerumani, na ni sehemu ndogo yao iliyogeuka kuwa jeshi. Isitoshe, milima mingi walikojificha haikuwa na maquis hata kidogo. Uwanda wa juu wa Glières na ule wa Vercors, zilizo katika safu za Alps, zina theluji wakati wa baridi na misitu ya misonobari, na hakuna mhadasi unaoweza kuota huko. Wapiganaji wa Glières, ambao hawakufika 500, walishambuliwa na kutawanywa Machi 1944. Huko Vercors, ambako waasi walikuwa wamefikia hatua ya kutangaza kurejeshwa kwa jamhuri tarehe 3 Julai 1944, Wajerumani walishusha askari kwa ndege zisizo na injini tarehe 21 ya mwezi huo, wakaua wapiganaji zaidi ya 600 na raia takriban 200. Corsica yenyewe, iliyotoa neno, ilikuwa imekwisha kukombolewa, kwa kuwa wenyeji waliinuka Septemba 1943 Italia ilipojisalimisha, wakasaidiwa na askari kutoka Afrika Kaskazini, wakiwemo Wamoroko wengi, na mji wa Bastia ukatwaliwa tarehe 4 Oktoba 1943.

Serikali ya Vichy iliwaita watu hao magaidi. Vita vilipokwisha wakaitwa mashujaa, na sheria ya tarehe 25 Machi 1949 ikawapa waliopigana kwa hiari katika upinzani hadhi rasmi na haki zake. Neno maquis likawa na heshima ambayo halikuwa nayo tangu lizaliwe, na kwa kuwa Kifaransa kilikuwa lugha ya shule na ofisi katika makoloni, vijana wa Kiafrika walilisoma likiwa na heshima hiyo hiyo. Hapa ndipo mkasa wa neno hili unapokuwa mzito kuliko historia yake yote ya awali, kwa sababu waliofundishwa kwamba ni haki kushika maquis dhidi ya mvamizi hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba fundisho hilo liliwahusu Wafaransa peke yao.

Algeria, vita vya uhuru vilipoanza tarehe 1 Novemba 1954, neno lilirudi kwenye uoto wake, kwani milima ya Kabylia ina vichaka vya jamii ile ile ya Corsica. Kongo hakukuwa na mlingano huo wa mimea. Wapiganaji wa mashariki mwa nchi hiyo waliojiita Simba, jina la Kiswahili, waliuteka mji wa Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani, Agosti 1964, na waliposhindwa baadhi yao waliendelea katika milima ya magharibi mwa Ziwa Tanganyika, walikofika Wakuba wakiongozwa na Ernesto Che Guevara, waliovuka ziwa kutoka Kigoma Aprili 1965. Yeye mwenyewe alipewa jina la siri la Kiswahili, Tatu. Katika milima hiyo hiyo Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake Desemba 1967, na ngome yake ya Hewa Bora, katika eneo la Fizi, ndiyo Wakongomani wanayoikumbuka kuwa maquis yake, miaka mingi kabla hajaingia Kinshasa kama rais Mei 1997.

Bendi iliyolileta neno hilo katika masikio ya Watanzania ilitoka upande huo wa Kongo. Orchestra Maquis du Zaïre ilihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadaye ikajiita Orchestra Maquis Original, na kati ya wanamuziki waliopitia humo walikuwemo Chinyama Chiyaza na Kikumbi Mwanza Mpango, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Kikii. Wacheza dansi waliuita mtindo wake "kamanyola bila jasho", na ni wachache waliojiuliza Kamanyola ni nini. Ni mji ulio katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, ambako majeshi ya serikali ya Kongo, yakiwa chini ya amiri wao Joseph Mobutu, yaliwashinda waasi Juni 1964, ushindi ambao Mobutu aliutukuza baada ya kutwaa madaraka hata akaipa jina hilo divisheni moja ya jeshi lake. Bendi ikawa na maficho ya waasi katika jina lake na ushindi wa aliyewafukuza katika mtindo wake, na watu wakacheza vyote viwili kwa raha zao.

Magharibi mwa bara neno lililainika zaidi. Nchini Côte d'Ivoire maquis ni mahali pa wazi pa kula na kunywa, penye samaki na kuku wa kuchoma, chenga za muhogo ziitwazo attiéké, bia na muziki wa sauti ya juu. Sehemu hizo ziliitwa hivyo kwa sababu mwanzoni nyingi ziliendeshwa kwa kificho, nyuma ya nyumba, bila leseni. Siku hizi zina mabango na leseni, na jina limebaki.

Kamerun haikupata ulaini huo. Chama cha UPC, kilichodai uhuru na kuunganishwa kwa nchi, kilipigwa marufuku na utawala wa Kifaransa Julai 1955, na kiongozi wake, Ruben Um Nyobè, aliingia katika misitu ya eneo la Sanaga-Maritime. Wakuu wa serikali walimwita yeye na wafuasi wake maquisards, lakini safari hii wakilitamka kama tusi, jambo linalostaajabisha kwa kuwa dola iliyotamka hivyo ilikuwa ile ile iliyowatunuku maquisards wake hadhi ya kisheria miaka 6 tu nyuma. Anayesema kwamba neno hilo lina maana mbili, ya shujaa na ya mhalifu, anakosea, kwa maana halijawahi kuwa na zaidi ya maana moja, nayo ni mtu aliyejificha asikamatwe na wenye mamlaka. Heshima au fedheha imetolewa kila mara na upande ulioshinda. Um Nyobè aliuawa na askari karibu na Boumnyébel tarehe 13 Septemba 1958. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1960 bila chama chake, serikali mpya ikaendeleza vita dhidi ya wenzake kwa msaada wa Ufaransa, na mmoja wao, Ernest Ouandié, akapigwa risasi hadharani Bafoussam Januari 1971. Kwa miaka mingi kulitaja jina la Um Nyobè hadharani kulikuwa hatari. Sheria iliyomrejeshea heshima, yeye na Ouandié, ilitiwa saini tarehe 16 Desemba 1991.